Mtani Alipovaa Sura ya Gaudensi

Tulimzika Gaudensi siku ya Alhamisi. Jumapili asubuhi, nikiwa jikoni nachambua maharage, akaniuliza kama nimelala salama.

"Umeamkaje, Mama Batazari?"

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, pale pale mjukuu wangu Editruda anapopenda kuiweka ili nisihangaike kuitafuta. Ndani yake alikuwepo mume wangu, amevaa shati lake la kijani, anatabasamu. Sikupiga kelele. Nimezaa watoto watano na nimezika wawili. Kelele zangu nyingi nilishazitumia. Nilimtazama, ungo wa maharage mapajani.

"Nimeamka salama," nikamjibu, maana salamu haikataliwi. "Wewe je?"

"Mimi mzima. Siku njema, mama."

Simu ikazimika. Nikaendelea kuchambua, lakini vidole vilikuwa vinatupa maharage mazima na kubakiza mawe.

Editruda aliingia na ndoo ya maji. Ana miaka kumi na tisa, anapamba maharusi hapa Songea, na tangu babu yake augue hajaniacha nibebe maji hata siku moja. Nilimwambia nani amenisalimia. Akaitua ndoo polepole.

"Bibi, usiogope. Ni Kioo tu."

Kioo ni ule mtandao ambao kila mtu ameweka sura yake. Ukienda zahanati, sura yako inakutangulia. Ukipanda basi, ndiyo tiketi. Na mtu akibanwa na kazi, sura yake huamka kwa niaba yake na kuwasalimia ndugu zake. Wanaziita salamu za zamu. Gaudensi alikuwa mwashi. Alipokwenda kujenga Mbinga, ni hizo salamu za zamu zilizokuwa zikiniamsha, na yeye mwenyewe akirudi nilikuwa namtania kwamba sura yake ina adabu kuliko yeye.

"Lakini mtu akifa si sura inafungwa?" nikauliza.

"Inafungwa. Ya babu waliifunga siku ile ile aliyofariki."

"Imefunguliwa na nani?"

Editruda akawa anaipangusa ndoo ambayo haikuwa chafu. "Macho ya mtaa yamemwona, Bibi."

Haya macho yako juu ya nguzo, kila kona. Yanatujua wote.

"Yamemwona nani?"

"Babu. Alikuwa anatembea, siku ya mazishi. La sokoni limemwona, la kanisani limemwona, na lile la hapa kwetu Bombambili. Sheria ya Kioo inasema marehemu akionekana na macho matatu, basi labda hakufa. Wanamfungua mpaka familia ithibitishe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikacheka mpaka ungo ukamwagika, na Editruda akadhani nimepatwa na wazimu.

*

Wasiojua mambo yetu niwaeleze. Sisi ni Wangoni, na watani wetu ni Wahehe. Babu zetu walipigana vita vikali, na vita vilipokwisha wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana badala ya kuchomana mikuki. Mtani anaweza kuniita mlevi mbele ya padri, na sina ruhusa ya kununa. Kukiwa na msiba kwangu, yeye ndiye anayefanya kazi ambayo ndugu hawaiwezi: anawachekesha wafiwa. Anavaa nguo za marehemu. Anatembea kama marehemu. Analala kaburini, anakataa kutoka mpaka apewe kitu.

Mtani wetu ni Desderi Kikoti. Ni mzee kama mimi, fundi wa baiskeli mstaafu, mrefu, na mdomo wake haujapata likizo tangu abatizwe.

Siku ya mazishi Kikoti alikuja na koti la Gaudensi tayari mgongoni. Sijui aliingia chumbani saa ngapi. Ndipo Editruda akamfuata. Alitaka kusaidia, mtoto wa watu. Kazini kwake ana kitu kinaitwa utaji: kiutepe chembamba kinachokaa kwenye paji la uso, kinamwaga nuru usoni, na bibi harusi anaonekana hana chunusi wala uchovu. Zamani filta zilikaa kwenye picha tu. Sasa mtu anatembea nayo barabarani. Editruda akaweka picha za babu yake kwenye utaji, akamfunga Kikoti.

Alisimama pale mlangoni Gaudensi, na koti lake.

Kikoti, badala ya kusema neno, akageuka, akaugonga ukuta wa nyumba yangu, alioujenga Gaudensi mwenyewe, kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo. Akatega sikio. Akakohoa mara mbili, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Nani kajenga hapa?" akauliza. "Saruji mmeinywea pombe ya komoni?"

Miaka yote niliyoishi na Gaudensi hakupita kwenye ukuta bila kuugonga. Nyumba ya askofu aliigonga. Siku ya harusi yetu aligonga ukuta wa kanisa kabla ya kunivisha pete. Basi nilicheka. Nilikuwa sijala wala sijalala, na nilicheka hadi wanawake wakanishika mabega. Huko makaburini Kikoti alishuka kaburini, akagonga udongo pande zote, akatangaza kwamba chumba ni kizuri ila fundi kasahau dirisha. Halafu akarudi kwa miguu hadi nyumbani, na nyuma yake kundi la watu wakimwambia, "Gaudensi, umesahau kufa!" naye akijibu, "Mngoni hata kufa lazima aelekezwe!"

Waliotengeneza utaji hawakuwa na watani. Hawakufikiria kwamba kuna mtu atakayevaa sura ya marehemu kwa upendo. Utaji uliyaambia macho ya mtaa: huyu ni Gaudensi Nyoni, amejipamba. Nayo macho yakaamini.

*

Kikoti alikuja mwenyewe kuniletea habari. Alikaa kwenye kigoda cha mlangoni na kwa mara ya kwanza hakunitukana, nikajua mambo ni mazito.

"Wameniita Ofisi ya Sura," akasema. "Wewe pia watakuita. Wamegundua urefu wa yule marehemu ulikuwa umezidi. Wanauliza kuna Mhehe gani mrefu hapa."

"Wanasemaje?"

"Kuvaa sura ya mtu bila ruhusa ni wizi wa sura. Miaka mitano, mtani. Nikitoka nitakuwa nimeshakufa, na hatakuwepo mtu wa kunilalia kaburini, maana ninyi Wangoni ni wavivu."

Editruda alikuwa nyuma yangu, ameshika khanga yake mdomoni. "Mimi ndiye niliyemfunga utaji," akasema. "Nitasema ni mimi."

"Wewe utakaa kimya," Kikoti akamkata. "Mimi nimeshaoa, nimeshazaa, nimeshaonja kila kitu. Wewe hata mchumba huna."

Ndivyo alivyo Kikoti. Anakuzawadia miaka mitano ya uhai wake, na ndani yake ameweka tusi ili usipate nafasi ya kumshukuru.

Alipoondoka, Editruda akapiga magoti mbele yangu.

"Bibi, kuna njia. Watakuuliza swali moja tu, kama babu yupo hai. Sema yupo. Sema alizimia, mkadhani amekufa, yuko kwa ndugu huko Namtumbo anaugua. Babu akiwa hai, hakuna sura iliyoibwa. Mzee Kikoti anabaki nyumbani." Akanishika magoti. "Na babu ataendelea kutusalimia."

Nilimwona machoni kwamba hilo la mwisho ndilo lilikuwa la kwanza.

"Nani ataumia, Bibi?"

Nilimshika kichwa tu, nikamsuka kidogo nywele za pembeni zilizokuwa zimefumuka.

*

Jibu lilitoka Mbeya. Nilimpigia mwanangu Batazari kumkumbusha kwamba tunaanua matanga Jumamosi ijayo, na yeye kama mkubwa ndiye wa kuwashukuru watu.

"Mama, kuna haraka gani?" akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea. "Nimebanwa kazini. Nitakuja Pasaka."

"Batazari, ni matanga ya baba yako."

"Najua. Lakini baba kanipigia asubuhi."

Akasema hivyo kama mtu anayesema mvua imenyesha. Kisha nikasikia amejishtukia, akacheka kicheko kifupi, akaniaga.

Nikakaa na ile simu mkononi. Mwanangu alikuwa amelia siku mbili tu, halafu mtu akamzibia kisima. Maji hayakuisha, yamezibwa. Yatatokea wapi siku yakitoka?

Asubuhi iliyofuata nilimsubiri Gaudensi. Alipokuja nilimtazama vizuri, kuliko nilivyomtazama siku zote zile. Alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri kupita kiasi. Shavu la kushoto la mume wangu lilikuwa na kovu alilounguzwa na chokaa ujanani, kubwa kama jani la mharage. Nilikuwa nalipaka mafuta kila Jumapili kabla ya misa. Huyu hakuwa nalo. Editruda, kwa mapenzi yake, kila alipompiga picha babu yake alimfuta kovu kwa filta, akamng'arisha ngozi, akamwondolea mifuko ya macho. Na Kioo kikajifunza kutoka kwenye picha hizo.

"Gaudensi," nikamwambia, "nigongee ukuta."

Akatabasamu. "Siku njema, mama."

"Nigongee tu huo ukuta ulio nyuma yako. Unauonaje?"

"Mimi mzima," akasema. "Siku njema."

Sikumkasirikia. Alikuwa anafanya kazi aliyofundishwa, kama mtoto anayesali asichokielewa. Lakini nilijua tayari nitakachosema ofisini. Kilichobaki ni namna ya kukisema bila kumpeleka Kikoti gerezani, na hilo nilitembea nalo siku nzima, nikipalilia, nikipika, nikifua. Mambo mengi hulainika ukiyaloweka.

*

Ofisi ya Sura iko ghorofani, karibu na soko. Afisa alikuwa binti mmoja anaitwa Mapunda, sare imenyooshwa vizuri. Nilipofika juu nikihema, alinyanyuka akanipa kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akavuta benchi akakaa yeye. Nililiweka hilo moyoni. Mtu akikupa kiti chake kabla hajakujua, unaweza kumweleza jambo gumu.

Kikoti alikuwa ameshakaa. Editruda alikaa pembeni yangu. Ukutani kulikuwa na jicho, kubwa kuliko yale ya mtaani, na chini yake kioo kilichoandika majina yetu sote kadiri tulivyoingia.

"Mama," Mapunda akasema, "pole sana kwa yote. Nitakuuliza swali moja, utajibu ukilitazama jicho. Wewe ndiye mwenza wake. Gaudensi Nyoni yupo hai?"

Editruda akanishika mkono. Alikuwa ananibana kwa nguvu, kama alipokuwa mdogo tukivuka barabara.

Nikalitazama jicho.

"Gaudensi amefariki," nikasema. "Nilimfunga kidevu mimi mwenyewe, kwa khanga yangu, akiwa bado ana joto. Msiniulize mara ya pili."

Mkono wa Editruda ukalegea. Alilia kimya kimya, lakini hakuutoa mkononi mwangu.

"Asante, mama," Mapunda akasema taratibu. "Basi aliyeonekana na macho ni nani?"

"Ni mtani wetu, huyu hapa, Desderi Kikoti."

"Mngoni kaniuza!" Kikoti akasema. "Na hata komoni hajalipwa!"

"Nyamaza, mla mbwa, bado naongea."

Mapunda akainamisha uso kwenye meza. Nikaona mabega yanatikisika. Alipoinuka alikuwa ameuvaa tena uafisa wake. "Alikuwa na ruhusa?"

"Alikuwa nayo."

"Ya nani?"

"Ya Gaudensi. Alimpa siku baba yake Kikoti alipofariki. Siku hiyo Gaudensi alivaa kofia ya mzee yule, akachechemea kama yeye, akawakopa wafiwa wote tumbaku kama yeye. Mama yake Kikoti alicheka mpaka akaomba maji. Ukimwacha mtani acheze msibani kwako, na wewe msiba wako umeshampa. Hatuandikiani, mwanangu. Tunapeana zamu."

"Naelewa," akasema, na niliona anaelewa kweli, tena anaumia kuelewa. "Lakini sheria inataka ruhusa iliyosemwa mbele ya jicho. Sina pa kuliingiza hilo, mama."

"Basi niambie, sheria yenyewe inasema wizi wa sura ni kitu gani?"

Alikuwa anaijua kwa moyo. "Kuvaa sura ya mtu mwingine ili wanaokuona waamini wewe ndiye yeye."

"Ahaa. Kikoti, simama."

"Nisimame nifanye nini?"

"Fanya kazi yako. Bila utaji. Uso wako huo huo mbaya."

Kikoti alinitazama. Kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. Aliogopa kuliko alivyoiogopa ile miaka mitano. Siku ya mazishi alizungukwa na watu mia. Hapa tulikuwa wanne, na mezani kuna mhuri wa serikali. Lakini akasimama. Akavuta mabega nyuma. Akaenda ukutani kwa hatua fupi fupi za mtu aliyezoea kubeba ndoo za zege, akainua kidole, akagonga. Ngo, ngo. Akatega sikio. Akakohoa mara mbili.

"Mwanangu," akamwambia Mapunda kwa sauti nzito ya kifuani, "serikali imekulaza kwenye ukuta wa mchanga. Hamia upande wa dirisha."

Editruda alicheka huku machozi yanamtoka. "Babu," akasema, neno likamponyoka. Na mimi, ambaye kila asubuhi nilikuwa naletewa sura ya mume wangu imepakwa mafuta na kung'arishwa, ndipo nilipomwona. Alikuwa pale. Alikuwa ndani ya kile kidole.

"Soma jicho linasema nani," nikamwambia Mapunda.

Akageuka kwenye kioo. "Linasema Kikoti, Desderi."

"Na wewe unamwona nani? Hukuwahi kukutana na mume wangu. Mwangalie huyu mtoto, uniambie ameona nani."

Mapunda akamtazama Editruda.

"Siku ya mazishi tulikuwa watu wengi," nikasema. "Tulimwona Gaudensi sote, na hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba yule si Kikoti. Waliokuwepo walikuwa wakimtukana Mhehe huku wakimlilia Mngoni. Sasa nani alidanganyika?"

Mapunda akainua macho kwenye ukuta.

"Jicho," Mapunda akasema mwishowe. "Jicho peke yake."

"Basi lifundisheni. Kumfunga mzee hakulifundishi kitu."

Alivuta pumzi, akaanza kuongea na mashine yake. Hakutumia neno utani, maana alituambia halimo. Alisema: waombolezaji wote walijua, hakuna aliyeaminishwa uongo, shauri halina mdanganywa. Akatueleza kwamba wakubwa wake huenda wakamhoji, na kwamba akihojiwa atasema hivyo hivyo. Utaji akauzuia ofisini. Kikoti akaambiwa aende nyumbani.

"Bado jambo moja, mama," akaniambia. "Kuifunga sura. Ni wewe unayetakiwa kusema."

Gaudensi akatokea pale ukutani, mkubwa, na shati lake la kijani. Editruda akageuka upande. Mimi sikugeuka.

"Umeamkaje, Mama Batazari?"

"Nimeamka salama, baba. Pumzika."

"Siku njema, ma—"

*

Batazari alifika Ijumaa kwa basi la usiku. Hakunisalimia. Aliweka begi mlangoni, akaniwekea kichwa begani, akalia kama mtu anayeshusha mzigo wa safari ndefu. Nilimwacha alie. Nilikuwa nimeshamwekea maji ya kuoga na uji.

Jumamosi, kabla watu hawajaja, Editruda aliniletea picha. Alikuwa amepekua simu yake siku tatu akitafuta picha moja ya babu yake ambayo hakuigusa, akaipata: imepigwa kwa bahati mbaya, Gaudensi anageuka, mdomo wazi, kovu la chokaa limetokeza lote shavuni kama jani la mharage. Ameichapisha kubwa, akaitia fremu.

"Haijapambwa, Bibi," akasema, kama anayeomba radhi.

Nikalishika lile kovu kwa kidole. "Ndiye huyu," nikamwambia.

Batazari alichukua nyundo na msumari, akapima katikati ya ukuta wa sebule. Kikoti, aliyekuwa amekuja mapema ili awahi supu, akampokonya nyundo.

"Mngoni, utabomoa nyumba ya mama yako."

Akausogelea ukuta. Akagonga kwa kifundo cha kidole, hapa, kisha hapa, akatega sikio. Hakukohoa, wala hakutazama kama tunacheka. Alikuwa anatafuta tu mahali pagumu.

"Hapa," akasema. "Hapa alijaza vizuri."